Kabla ya Hodi ya Tatu

…sitaitika, nimeshaamua, nitakaa hapa kwenye kiti cha abiria, mapazia yamefungwa, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari, na huko nje ameshaita hodi mara moja, hodi safi ya darasani, isiyo na haraka, kisha akanyamaza, na nafasi aliyoiacha kwa ajili ya karibu yangu naihisi humu ndani kama upepo wa dirisha lisilofungika vizuri… "Dad?" Huyo ni Nkatha, binti yangu, amekuja naye. "Dad, Akil amefika, yule wa kuona gari." Si gari, Nkatha. Lina jiko, lina choo, lina kitanda na meza ya kulia, ni nyumba yenye magurudumu, mama yako aliwasahihisha watu wote wa kanisani, ni nyumba, tena ni nyumba yangu, alisema, na tangu tulipomzika imesimama hapa mbele ya ile nyumba nyingine, hapa Lanham, Maryland, magurudumu yameanza kuzama kwenye changarawe, majani mekundu ya mti wa jirani yamerundikana juu ya paa, nami nalala ndani yake, ndiyo, nalala ndani yake, na Nkatha akalisema hilo Jumapili mbele ya watu wakinywa chai baada ya ibada, "Baba ana vyumba vitatu vya kulala lakini analala kwa gari," watu wakatazama vikombe vyao, nikasema haraka, basi mlete huyo mnunuzi, kwa sababu mtu wa umri wangu hapendi kuonewa huruma na watu walioshika mandazi… nilikubali, ni kweli, lakini kukubali kanisani ni jambo moja, kuisikia miguu ya mtu kwenye changarawe ni jambo jingine. "Labda amelala," anasema Akil. "Hajalala. Namjua. Si uingie tu? Mlango uko open." "Hapana, dada, haifai. Mwalimu wetu wa Kiswahili chuo kikuu alikuwa mama wa Unguja, alitufundisha hodi ni mara tatu, ukikosa jibu unakwenda zako bila kinyongo." "Hiyo ni ya huko Coast. Sisi Wameru mtu anaanza stori akiwa barabarani, akifika mlangoni anamalizia." Anacheka, huyo Akil, cheko la chini la mtu aliyelelewa vizuri, Mmarekani mweusi wa Annandale, mwalimu wa historia, anataka kumpeleka mama yake akaone jangwa kabla miguu haijamkatalia, hayo Nkatha ameniambia mara mbili, ya pili polepole zaidi, kama mimi ndiye mgonjwa… basi ni mara tatu, vizuri, moja imekwisha, nitavumilia mbili, naye atakwenda zake bila kinyongo, na usukani utabaki pale ulipo, upande wangu wa kushoto, ambako sijawahi kukaa hata siku moja, kwa sababu dereva alikuwa mke wangu Bilha, mimi nilikuwa mtu wa ramani na hesabu za mafuta, mimi nafundisha hesabu, na nilikuwa mtu wa kusimama nyuma anaporivasi… kule Arizona, tulikoinunua, hatukwenda kununua, tulikwenda kukaa siku chache tu, mwaka aliostaafu unesi, alitaka nchi isiyo na miti ya kukuziba macho, alisema Maryland ni nzuri lakini imejaa majani, na alipokuwa nesi kijana walimpeleka zahanati moja upande wa Marsabit, jangwani kule nyumbani, akalia alipofika na akalia tena alipohamishwa, na tangu hapo jangwa kwake lilikuwa mahali mtu anapoweza kupumua. Ilikuwa kambi iliyo ubavuni mwa duka la nyumba za magurudumu, au duka lililo ubavuni mwa kambi, sikujua kipi kilimzaa mwenzake, unakodi nyumba ndogo ya kuvutwa, unaonja maisha, ukiyapenda unavuka ua na kununua ya kwako, na kila kituo cha kuegesha kilikuwa na nguzo yake, bomba la maji, soketi ya umeme, shimo la maji taka, kulikuwa na chumba cha kufulia na karakana na hata bwawa la kuogelea, maji ya buluu katikati ya vumbi na mipungate mirefu kuliko mlingoti wa bendera, nami nilisimama mbele ya ile nguzo na kitabu cha maelezo nikisoma ukurasa wa kwanza, Bilha akavaa glovu, akaliunga bomba la maji taka kwa mkupuo mmoja, akainuka akijifuta jasho kwa kiwiko, "Baba Nkatha, funga kitabu. Huu ni mpira wa mkojo tu, wa mgonjwa mkubwa." Wazee wa vituo vya jirani, Wamarekani weupe wenye kofia pana, walitaka kujua tumecheka nini, akawaeleza, akaeleza kila kitu kwa vitendo, na kuanzia hapo hakuna aliyepita mbele ya mlango wetu bila kusimama kumsalimu… na viatu, ah, viatu, asubuhi iliyofuata tulivuka ua kuziangalia zile za kuuzwa, zimepangwa safu kwa safu juu ya lami, muuzaji mmoja mzee, Bwana Wendell, akatufungulia ya kwanza akisema ingieni, na Bilha akavua viatu chini ya ngazi, kwa sababu ilikuwa na zulia na kitanda kilichotandikwa, na nani anaingia na vumbi mahali penye kitanda kilichotandikwa, basi nami nikavua, tukatokea kwa mlango wa upande wa pili, tukaingia ya pili, ya tatu, Wendell akituongoza kwenye kivuli cha paa zao, na tuliporudi viatu havipo, jozi zote mbili, mfanyakazi wa usafi ameviokota na kuvipeleka ofisini kwenye kabati la vitu vilivyopotea, nasi tumesimama na soksi, lami inawaka kama kikaango, nikasema panda mgongoni, ndiyo, mimi, mtu ambaye hata kanisani hapigi makofi, nikainama, akasema, "Simama wima, profesa, utavunjika halafu nianze zamu upya," kisha akamgeukia Wendell, "Bwana, mimi nimekuja kuona nyumba, na kwenye nyumba ya mtu siingii na viatu, ulikuwa unadhani ni mapambo?" na yule mzee akawa mwekundu hadi masikioni, akavifuata viatu mwenyewe kwa kigari cha umeme, na aliporudi alikaa kwenye ngazi ya hii, hii hii niliyomo, akaanza kuvuta buti zake za mchunga ng'ombe, akavuta na kuvuta, soksi moja ilikuwa imetoboka na kidole gumba kikachungulia, akasimama chini ya ngazi kama mwanafunzi, na Bilha, ambaye hajalipa hata senti, hajaweka sahihi popote, akasimama juu mlangoni, akamwambia karibu. Hapo ndipo ilipokuwa yake. Nasema hivi kwa uangalifu, nimefikiri sana, si karatasi zilizoifanya yake, ni lile neno, alimkaribisha muuzaji ndani ya bidhaa yake mwenyewe, na yule mzee akasema ahsante, mama, kwa Kiingereza chake, na nikahisi kifua changu kikipanuka, fahari, sina neno lingine, na mimi si mtu wa kutafuta maneno makubwa… "Hodi." Ya pili. Sauti ileile, haikupanda. Bado moja… "Dad, please. Najua unatusikia." Nawasikia, binti yangu, nasikia na magari ya barabara kuu ya Beltway nyuma ya miti, nasikia jokofu likinguruma hapa ndani, vikombe vyake viwili kabatini vikigusana… na jioni ya kwanza tangu tuilipie, ilibidi tuitoe dukani na kuiingiza kituoni tulale ndani yake kabla ya safari ndefu ya kurudi, wazee wamepanga viti vyao na glasi zao, kwa sababu pale kambini televisheni ya jioni ni mgeni anayerivasi, anayeingiza nyumba yake kinyumenyume, wanakaa wanangoja wagombane mume na mke, wagonge nguzo, nami nilikwenda nyuma kabisa nikasimama katikati, kwenye mstari unaoigawa nyumba sehemu mbili sawa, mahali ambapo hesabu zote zilisema ndipo pa kusimama, nikainua mikono, nikaita njoo, njoo, na nyumba haikusogea hata kidogo, injini ikazimwa, Bilha akashuka, akatembea mpaka nilipo, akanishika kiwiko kama alivyowashika wagonjwa wake hospitalini Rockville, akanihamisha hatua chache pembeni, upande wa dereva. "Hapo. Kaa mahali nikuone kwenye kioo, Baba Nkatha. Nisipouona uso wako, huko siendi." Wazee wakacheka, mmoja akasema huyo bibi anajua, naye akapanda, akaiwasha, nikamwona ndani ya kioo kidogo cha pembeni, miwani yake, mdomo umekaza kama anatafuta mshipa wa mtoto, nikainua mkono wa kushoto, akaja, nikaushusha, akanyooka, mara moja tu, bila kurudia, magurudumu yakatua kwenye zege kama mtu anayekaa kitini, na wale wazee waliokuja kucheka wakaweka glasi chini na kusimama, wakapiga makofi, mmoja akauliza, mama, umeendesha kitu hiki miaka mingapi, akajibu kutoka dirishani, "Tangu saa nane mchana…" kisha akanitafuta kwenye kioo, si wao, mimi, aone kama nimesikia. Nilisikia. Niliisikia njia nzima mpaka Lanham, jimbo baada ya jimbo, mikono yake miwili usukanini, na tukapanga kurudi jangwani mwaka uliofuata, ugonjwa ukatutangulia… minong'ono huko nje, na sasa si minong'ono ya kuondoka, kuna kitu kinaburutwa kwenye changarawe, zipu, nasogeza pazia upana wa kidole, na naona Nkatha ameinama, mkono mmoja begani kwa Akil asianguke, anavua buti zake, Nkatha ambaye tangu shule ya msingi aligombana na mama yake juu ya viatu mlangoni, this is America, Mum, alikuwa akisema, sasa anavipanga vizuri, visigino vikitazama ngazi, kando ya ndala za Bilha ambazo sijaziondoa kwenye mkeka, na anamwambia mgeni, "Ni sheria ya mama. Ndani hapa hakuna viatu," na Akil tayari amevua vyake, kumbe alikuwa amevua tangu mwanzo, amesimama kwenye changarawe yenye majani ya majimaji, soksi zimelowa hadi kwenye vifundo, hatikisiki, ameinua uso kwenye dirisha, hanioni, wala Nkatha hanioni, anatazama palepale nilipo na hanioni, kwa kuwa mimi niko hapa nyuma ya pazia, tena kama jioni ile, mahali ambapo hesabu zote zimesema ndipo pa kukaa… nisipouona uso wako, huko siendi… na hii haijasogea tangu tumzike, si kwa sababu hakuna dereva, ni kwa sababu hakuna uso kwenye kioo. Itabidi itoke kwa rivasi. Njia ni nyembamba, kuna ua wa jirani kulia na sanduku la barua kushoto, na kijana huyu hajawahi, nitajua nikimwona anavyoshika usukani, nitamwonyesha kwanza jiko, kisha bomba la maji taka, nitamwambia ni mpira wa mkojo tu, na jina la aliyesema hivyo, nitamwambia jangwani wakikusanyika kukutazama usiwajali, na mama yake akae hapa, kwenye kiti hiki, kina mto mzuri, na siku ya kuichukua nitasimama nyuma, pembeni, upande wa dereva, mkono juu, mpaka anione… "Hodi," anasema Akil, ya tatu, taratibu, na Nkatha ameweka mkono mdomoni, na karibu yangu imeshafika kooni, inakuja, lakini kwanza pazia, kwanza nalivuta lote, mpaka mwisho wa reli, wanione.