Kiatu cha Kushoto

Kaka yangu alikwisha kumkataa kijana aliyekuja kumposa binti yake, kabla hajakaa kitini. Alikuwa ameviona viatu alivyovua mlangoni: cha kushoto soli imeachana na ngozi, kimeachama kama mtu aliyesikia umbea. Na kijana mwenyewe ni fundi viatu.

Akanivuta jikoni. Binti yake alikuwa anapanga vikombe, na vikombe vinagongana. Alikuwa amembembeleza sana baba yake akubali hata kumwona mchumba huyu.

“Dada, sikia,” kaka akasema. “Yule ni fundi viatu. Kiatu chake kimekufa. Basi kazi haijui, na asiyejua kazi simpi mwanangu.”

“Umeruka kidato cha ngazi, kaka. Kutoka cha kwanza umetua cha tatu. Cha katikati hujakitamka.”

“Kipi?”

“Kwamba fundi hujivalia kazi yake iliyo bora. Ukikitoa hicho, maneno yako yanaanguka chali.”

“Hilo liko wazi. Halina haja ya kusemwa.”

“Yaliyo wazi ndiyo yaliyoniozesha mume wa kwanza. Viatu vyake viling'aa, ungeweza kuvitumia kama kioo. Alivivaa siku moja akaondoka navyo, mpaka leo.”

Binti akajibana asicheke. Kaka hakucheka. Hapo tukalisikia bomba: to, to, to, ndani ya sufuria iliyotegwa chini yake. Kaka ni fundi bomba, wenzake kazini humwita Daktari. Sufuria ile iko pale tangu mvua za mwaka jana.

Niliitazama sufuria, nikamtazama yeye.

“Mganga hajigangi,” akanung'unika.

“Na yule je?”

“Yule nitamwuliza.”

Tukarudi sebuleni. Kaka akakiinua kiatu cha kushoto kwa vidole viwili, kama ameshika panya.

“Kijana, hiki nini?”

“Gundi mpya, mzee. Rahisi, na muuzaji anaiapia. Nikasema niijaribu kwanza kwenye mguu wangu. Nimeikanyagisha madimbwi yote ya mtaani. Haifai, simwekei mteja. Cha kulia kina gundi yangu ya siku zote.”

Kaka akakichukua cha kulia. Akakikunja, akakivuta, akakigonga sakafuni. Soli haikutikisika. Nyuma yangu mlango wa jikoni ukafunguka kidogo.

Sasa, kwamba fundi mzuri ni mume mzuri, hicho nacho ni kidato kilichorukwa. Hicho nikamwachia binti mwenyewe akipime.

Kaka akaingia chumbani, akatoka na buti zake za kazini, visigino vimelika upande.

“Nitengenezee hizi. Kwa gundi ya kulia. Na siku ya kuzileta, usije peke yako. Njoo na wazazi.”

“Nimesikia, baba,” kijana akasema, na safari hii hakusema mzee.

“Baba,” sauti ikatoka jikoni, “na bomba?”

Kaka akakohoa, akaanza kutafuta spana.