Upande Unaosogea

Tangu tumzike Mama, Baba amekuwa akichomelea kila kitu anachokihofia. Alianza na kifuniko cha mita ya maji, akafuata bawaba za geti la ploti yetu hapa Kimbo, kisha akafikia kibanda cha mabati ambamo Mama alipikia watu chapati. Tuliporudi kutoka mazishini Kimilili, alivaa miwani yake ya kazi akauziba mlango wa kibanda kile kwa mshono mmoja, juu hadi chini. Alisema wezi wa vyuma hawamwonei haya hata marehemu. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kikombe cha chai. Nikatazama cheche, nikamaliza chai yangu, nikaosha kikombe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Watu walinipa pole nami nikasema asante, kama mtu anayerudishiwa chenji dukani. Akina mama wa kanisa walinishauri nilie ili itoke, utadhani nimekwamwa na mfupa wa samaki. Walinikera, ila hata kero yenyewe ilikuwa vuguvugu.

Kazi ndiyo iliyoendelea. Mimi ni injinia wa majengo ya chuma, na sehemu yangu ni viungio: pale chuma kimoja kinapokutana na kingine, ni mimi ninayeamua patiwe boliti au pachomelewe, na kwa kiasi gani. Kanisa letu lilikuwa linajenga ukumbi, na Mama, mwenyekiti wa akina mama, ndiye aliyetuingiza humo. Naliaka wake, yaani mimi, achore, na Jeconia wake, yaani Baba, achomelee. Hakuishi kuuona. Ukumbi ungefunguliwa Jumapili, na ungeitwa kwa jina lake, Benta.

Ijumaa nilipanda jukwaa kukagua kabla ya kutia sahihi yangu.

Kenchi za paa la ukumbi ule ni ndefu, zinavuka kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati. Jua likizipiga hurefuka kidogo, na jioni hurudi. Kwa hiyo upande mmoja nilizifunga imara, na upande wa pili nikachora tundu refu kwenye bamba, ili boliti iwe na nafasi na kenchi iteleze. Kwenye mchoro niliandika kwa herufi kubwa: UPANDE UNAOSOGEA, USIBANE.

Baba hakubana. Alichomelea. Kila nati ilikuwa imezungushiwa mshono safi, laini, wa mtu aliyefanya kwa moyo wake wote. Chini yake, kwenye vichwa vya nguzo za zege za ukutani, nyufa zilikuwa zimeanza, nyembamba kama uzi. Chuma kilikosa pa kwenda, kikaanza kusukuma nguzo.

Nilimwita. Akapanda akipangusa mikono.

"Papa, hizi nati ni nani amezichoma?"

"Ni mimi, mayi." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nadhani alitarajia nishukuru. "Si unajua Kimbo. Watu wanang'oa nati hata kwa daraja. Hii sasa haiendi popote."

"Ilifaa iende."

Nilimweleza habari ya jua na tundu refu, nikamwonyesha nyufa. Alipitisha ukucha kwenye mmoja. Huko chini Pasta Ndegwa alikuwa ameinua uso.

"Injinia, kuna shida?"

"Iko, Pasta. Siwezi kuweka sahihi."

"Weka tu, Monday mtarekebisha. Watu wanatoka mpaka Ngoliba. Na ni siku ya mamako."

"Najua ni ya nani."

Baba alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa moto wa kuchomelea.

"Unataka kuharibu siku ya Benta juu ya kaufa kama haka?"

"Watoto wa Sunday school watakaa chini ya haka kaufa."

"Wewe hata hukulia," akasema.

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo waziwazi. Nilingoja yaniume. Hayakuuma. Nikasema, kwa sauti ileile ninayoagizia mkate, "Sikulia, Papa. Na bado siweki sahihi."

Akaketi kwenye ubao wa jukwaa, akanipa mgongo. Jua lilikuwa limefika juu kabisa na mabati yalikuwa yakialika kwa joto. Kisha, karibu na bega lake, kukasikika tak. Hakuna fundi wa kuchomelea asiyeijua sauti ile: mshono umepasuka. Baba alitazama mahali ilipotoka. Halafu akashuka, akarudi na grinda ya kukatia chuma.

Tulizitegemeza kenchi kwa miti, akazikata nati moja baada ya nyingine hadi Jumamosi jioni. Boliti zote tulizitupa, kwa sababu moto ulishakula nguvu zake. Alipokuwa akitia mpya aliniuliza, bila kuniangalia, "Na wezi?"

"Nati mbili, moja juu ya ingine."

"Watafungua zote mbili."

"Basi ukimaliza ponda meno ya boliti na nyundo. Haitatoka."

Akafikiri. "Na chuma itasonga?"

"Itasonga."

Jumapili ibada ilifanyika uani, chini ya hema. Pasta alitangaza kwamba mafundi hawajamaliza na nguzo zitatengenezwa kwanza. Watu wakaguna, na mama mmoja nyuma yangu akasema binti ya Benta ana roho ngumu. Nilimsikia vizuri. Baba pia alisikia. Aligeuka akamwambia polepole kwamba kosa ni lake, na kwamba binti yake amefanya kazi yake.

Tulitembea hadi nyumbani. Tulipofika, Baba hakuingia ndani. Alienda stoo akiwa bado na suti yake ya kanisa, akatoka na grinda, akanipa waya nichomeke. Akasimama mbele ya kibanda cha Mama, akaukata mshono wake mwenyewe, juu hadi chini.

Mlango ulifunguka kwa taabu. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya zamani. Leso yake ilikuwa kwenye msumari. Juu ya meza kulikuwa na beseni lililofunikwa sahani, na nilipofunua nikaona unga aliokuwa akikanda asubuhi ile alipoanguka. Ulikuwa umeota ukungu, kisha ukakauka ukawa jiwe. Alama za vidole vyake zilikuwa bado humo, mashimo manne na la gumba kando.

Sijui kwa nini niliingiza vidole vyangu mle. Viliingia vizuri kabisa, nina mikono yake. Nikakaa chini kwenye vumbi na beseni mapajani, nikamlilia mama yangu kwa sauti ambayo ploti nzima iliisikia.

Baba aliichomoa grinda, akaja akaketi kando yangu na suti yake.