Chumvi ya Futari

Miaka yote Bi Ghanima ndiye aliyesimamia futari ya mtaa wetu wa Chumbageni. Mwaka huu miguu ilimgomea, akamkabidhi upawa mkwewe, Siham. Wanawake wakanong'ona: kitoto kile kitaweza? Nikanuna kwa niaba yake, maana Siham ni shoga yangu na nampenda kama mdogo wangu wa kuzaliwa.

Kazi yangu ni kuonja. Wao wamefunga, mimi Bibiana, Mkatoliki, sina Ramadhani. Siham angeweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, dini yamruhusu, lakini hataki. Mbishi huyo!

Sasa siku ya kwanza tu, mafua yakanibana. Nikaonja mihogo ya nazi, nikawa kama natafuna pamba.

"Shoga," nikamnong'oneza, "sisikii ladha yoyote."

Tukamwonjesha mtoto wa jirani, akasema tamu. Mtoto yule hata dawa ya minyoo huiita tamu.

"Chumvi vipi?" wanawake wakauliza, mabakuli mikononi. Adhana ilikuwa karibu. Siham akaitazama sufuria. Nikatamani adanganye, aseme imekolea, yaishe.

"Sijui," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Nimetia kidogo, na siongezi kwa kubahatisha. Pakueni. Kila sinia liende na kisahani cha chumvi. Haya, upesi!"

Ajabu, wakapakua. Aliyenung'unika kuliko wote ndiye aliyekimbilia visahani.

Adhana ikalia. Bi Ghanima akafungua kwa tende, kisha akatafuna kipande cha muhogo.

"Nipe huo upawa," akasema.

Nikajua Siham ananyang'anywa kazi, nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea.

Siham akampa. Bi Ghanima akajipakulia tena, akanyunyizia chumvi, akamrudishia upawa.

"Haijakolea," akasema. "Ila ikipungua yaongezwa. Ingezidi, tungemwaga sufuria nzima. Nani kakufunza?"

"Hakuna, mama. Niliogopa tu."

"Basi na kesho uogope vivyo hivyo."

Siham akacheka. Mimi nililia, nikasingizia mafua.