Palghat Yuko Hotelini

Bendri alisaga mchele, akaukoroga kwa maji, akatafuna ncha ya kijiti cha mwanzi mpaka ikawa laini, kisha akachuchumaa mbele ya ukuta uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe na udongo mwekundu. Kesho yake binti yake Manki alikuwa anaolewa, na kwa Wawarli, kabila lao huko India, hakuna ndoa bila mraba wa Palghat ukutani. Palghat, mungu mama, husimama katikati, maharusi hupitishwa mbele yake, basi, wameoana. Asipokuwepo, hata wakizeeka pamoja ni watu wawili tu wanaolala nyumba moja.

Mraba ulitoka vizuri. Miti ikatoka, farasi naye akatoka. Alipofika kwa Palghat mwenyewe, uji wa mchele uliingia ukutani ukapotea. Akachora tena, ukapotea tena.

Dhakli, mama anayewaimbia miungu waje harusini, alikuwa kando anakunywa tembo lake. Aliangalia pale patupu, akajifuta mdomo.

"Si yuko Mumbai? Umemwita mwenyewe, ukamwacha huko."

Ilikuwa kweli. Wakati wa mvua Bendri alipelekwa huko kupamba ukuta wa mapokezi ya hoteli kubwa. Aliwachorea mavuno, uvuvi na watu wakicheza kwa mduara. Meneja, Bwana Kelkar, kijana mwenye adabu zake, alitaka na ule mraba. Bendri akamwambia huo ni wa harusi tu. Kelkar akasema anaheshimu sana mila, ndiyo maana anautaka, na akarudia hivyo kila chai ilipoletwa. Mwishowe Bendri alijiambia kwamba juu ya saruji, bila wimbo, mungu hawezi kuja, akauchora. Palghat alikuja. Akasimama kungoja harusi, na harusi haikuja.

Asubuhi wakapanda treni, yeye, Manki na Dhakli. Chini ya ukuta wa hoteli palikuwa na kibao cha shaba: Sanaa ya Kabila la Warli. Jina la Bendri halikuwemo. Palghat alikuwa katikati ya mraba, miguu imevimba kwa kusimama. Aliwauliza bibi harusi ni yupi. Manki akasema ni yeye.

Bendri alimwomba Kelkar amruhusu amfute Palghat, arudi naye nyumbani.

"Mama, ukuta ni wa hoteli," Kelkar alisema kwa upole. "Lakini kwa nini msiozeshe hapa hapa? Sisi tutawafurahia."

Bwana harusi na watu wake wakapigiwa simu, wakaja. Dhakli aliimba akishindana na kengele ya lifti. Maharusi wakapita, Palghat akainamisha kichwa, wakawa mke na mume. Mgeni mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, aliomba wapite tena kwa sababu picha haikutoka vizuri. Wakapita tena. Bendri aliona uchungu, akalia, na kulia kwake nako kukapigwa picha.

Palghat alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya mraba ili waondoke wote, Kelkar alipowatangazia wageni kwamba Alhamisi ijayo kutakuwa na harusi nyingine. Mungu akisikia harusi hawezi kuondoka. Akaurudisha mguu.

Siku hizi hakuna ukuta wa kijijini unaomshika. Mwenye binti hupanga na Kelkar, na harusi huwa Alhamisi, kabla wageni hawajala chakula cha mchana. Bendri hutangulia kumpaka upya mungu pale mikono ya watu ilipomchubua. Siku moja alimhurumia, akamchorea kigoda kidogo nyuma yake. Palghat akaketi, akashusha pumzi.

Alhamisi iliyofuata kigoda hakikuwepo, na Palghat alikuwa wima. Bendri aliuliza nani amekifuta.

"Kwa heshima zote, mama," Kelkar alisema, "hakikuwa cha asili."

Bendri alichovya kijiti chake, akaanza na ile miguu iliyovimba.