Ukuta wa Timazi

Mji ulianza kumuudhi Timazi hata kabla hajashuka kwenye basi. Mwongozaji wao, mwanamume mwembamba mwenye mwavuli wa njano uliokunjwa, alikuwa ameshasema mara sita kwamba hapa kila jiwe lina historia. Timazi ameshika mawe miaka arobaini na moja, na anajua jiwe halina historia. Jiwe lina uzito, basi. Ukitaka kuhakikisha, liangushe mguuni.

Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake kwa ajili ya ile kamba yenye chuma mwishoni, inayopima kama ukuta umesimama wima. Wengine wakimaliza kazi huiweka kwenye mfuko wa vifaa. Yeye hutembea nayo. Siku ya harusi ya binti yake, wageni wakiwa wanakula, alionekana akipima nguzo za ukumbi, kisha akamwendea mwenye ukumbi kumpa pole. Sasa alikuwa nayo hapa, katika mji mkubwa wa Kiislamu ambao watu huutaja kwa sauti ya chini kana kwamba wanautaja mbele ya wazazi wao, na alikuwa amekusudia kuutia adabu.

Hakukawia. Kwenye lango kuu, watalii walipokuwa wanasukumana kupigwa picha, yeye aliishusha kamba yake ukutani, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. Lango limeinama. Tena kuna mpumbavu mmoja amepaka saruji juu ya chokaa ya kale, na unyevu umenaswa ndani, na mawe yanamenyeka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Alikwangua kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, akaunusa unga wake, akaufuta kwenye suruali kwa dharau.

"Baba, lango hili lina miaka mia sita," mkwewe akamwambia kwa adabu.

"Basi kwa miaka mia sita hakupita mtu mwenye macho."

Mkwe huyo ndiye uchungu wenyewe. Ni mwalimu wa jiografia, mpole, mwenye miwani na daftari dogo, na Timazi angeweza kumsamehe yote hayo. Lakini pia ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaani kwao, msikiti ambao Timazi aliujenga kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia msingi hadi paa, bila kudai hata ahsante. Miezi mitatu iliyopita mkwe alisimama ndani ya msikiti huo na dira ya simu yake, akazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akasema kwamba ukuta wa mbele umeikosa kibla. Kidogo tu, Baba. Nyuzi kumi na moja.

Timazi alisema simu imedanganywa na nondo zilizomo ukutani. Kesho yake mkwe akaja na dira ya shuleni, akasimama nje, mbali na nondo zote. Nyuzi kumi na moja.

Kamati, kwa kumstahi, haikutaka makuu. Walipendekeza mikeka ilazwe upande kidogo, watu waifuate mikeka na waachane na ukuta, mambo yaishe. Hapo ndipo Timazi alipopandwa na mori. Alisema mikeka ya kombo ni tangazo la aibu yake. Kila atakayeingia atauliza, nani alijenga hapa? Ama ukuta uko sawa, ama ubomolewe. Walimsihi, wakamtumia hata mkewe, hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akaandika barua na kutia saini: ukuta wa mbele uvunjwe, mihrabu na vyote, akiwa safarini, na akirudi asiukute. Kamati ikamtii. Siku yenyewe ilikuwa leo, kuanzia saa tatu asubuhi, na Timazi alikuwa amekataa kurekebisha saa yake ya mkononi tangu walipotua, ili aone kwa macho yake dakika za nyumbani zinavyokwenda.

Safari ilikuwa fikra ya binti yake. Alisema baba anahitaji kupumzisha roho mahali pazuri, akamchukua na mumewe pia, kana kwamba mtu hupumzisha roho kwa kufuatana na mwiba uliomchoma.

Basi wakaingia mjini. Mwavuli wa njano ukatangulia, nao wakaufuata, watu ishirini na wawili wazima wenye akili zao, wakigeuka unapogeuka. Walipita sokoni, chini ya mapaa marefu ya matao, ambako kila duka liliuza taa ileile ya shaba na kila muuzaji aliapa kwamba ni yake pekee, aliyoachiwa na babu yake. Timazi akahesabu mababu tisa kabla ya kona ya kwanza. Mama mmoja wa msafara wao alinunua taa mbili, akaziita za kale, na karatasi ya kiwanda bado imeng'ang'ania kitako cha mojawapo. Bwana mwingine alisimama dakika kumi akimpiga picha paka aliyelala juu ya gunia. Kwao paka wapo, tena wanawafukuza kwa fagio, lakini huyu alikuwa paka wa kihistoria.

Mkwe aliandika kwenye daftari. Binti alisema, "Baba, angalia dari hilo." Timazi alitazama dari, akaona bomba la maji limepitishwa katikati ya nakshi na kufungwa kwa waya, akasema ameliona.

Saa yake ilionyesha saa tatu kasoro. Baada ya hapo aliitazama kila hatua tano, na ulimi wake ukazidi kuwa mkali. Chemchemi ya uwanjani ilikuwa bakuli la kufulia. Mnara maarufu, ambao watu walikuwa wamelala chali barabarani ili uenee kwenye picha, aliupima kwa kamba kwa mbali na kuupa alama za mtoto mtoro. Akamwambia binti yake kwamba wajenzi wa hapa wangekuwa kwao, wasingepewa hata choo wakijenge. Nyani haoni kundule, lakini yeye siku hiyo aliyaona ya mji mzima.

Saa nne ya saa yake wakafika msikiti mkuu. Mlangoni kulikuwa na kapu la mitandio kwa wasiokuja nayo, na mifuko ya kutilia viatu, na mtalii mmoja aliyeuliza kama viatu vyake vipya navyo ni lazima avivue. Binti akaenda upande wa wanawake. Timazi na mkwewe waliingia pamoja kwa sababu hakukuwa na namna ya kuingia mbalimbali.

Ndani palikuwa na kimya na hewa ya baridi, na juu kuba limepanda hadi shingo inauma. Timazi hakutazama juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akashusha kamba. Nguzo ilikuwa wima. Akaenda nyingine. Wima. Hilo lilimkera, akainama kutafuta kosa chini, na huko ndiko alikolikuta.

Zulia lilikuwa jekundu, lina mistari ya safu kwa ajili ya waumini kujipanga. Mistari ile haikwenda sambamba na ukuta. Ilianzia karibu na ukuta wa mbele upande mmoja, ikauacha taratibu, na kufikia upande wa pili ilikuwa imeuacha kwa hatua nane nzima. Mihrabu, yenye marumaru na maandishi ya dhahabu, ilitazama upande mmoja. Zulia likatazama upande mwingine. Wazee watatu walikuwa wameketi juu ya mstari wakisoma Kurani, wote wameupa ukuta bega.

Timazi alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwa miezi mitatu, na furaha ilimpanda kichwani. Akamvuta mkwewe kwa mkono wa shati, akamwonyesha mstari, akamwonyesha ukuta, na bila kungoja jibu akamwita mwongozaji mbele ya msafara wote.

"Bwana, huu msikiti wenu umepinda. Nani alijenga hapa?"

Aliisubiri fedheha iwapate. Mwongozaji hakuonekana kufedheheka. Alieleza, kwa Kiswahili chake cha darasani, kwamba wajenzi walifuata barabara ya zamani ili wasivunje nyumba za watu. Baada ya miaka hamsini wataalamu wakapima upya, wakaona kibla iko upande kidogo, basi zulia likageuzwa. Mjenzi mwenyewe kaburi lake liko nje, karibu na mlango, na watu humwombea dua wakipita.

"Hawakuvunja?" Timazi akauliza.

Mwongozaji akamtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Kwa nini wavunje? Ukuta haukukosea kusimama. Miaka mia nne watu wanaswali hapa, na wewe ni wa kwanza kuniuliza kwa kucheka."

Msafara ukasonga mbele na mwavuli wake. Timazi akabaki palepale, na kicheko kimemkauka mdomoni. Barabara ya zamani. Na yeye, kule kwao, alifuata barabara. Siku ya kupiga kamba za msingi, kiwanja kilikuwa chembamba, na angeuelekeza msikiti sawasawa angepoteza pembe mbili na safu nzima ya waumini. Alikiona kile kipimo kwa macho yake. Akajiambia tofauti ni ndogo, akapigilia vigingi, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu, wala mkewe. Nondo hazikuidanganya simu ya mtu yeyote. Alikasirika miezi mitatu kwa sababu kijana wa watu alisema kweli, na badala ya kumeza neno moja, aliona afadhali kuumeza ukuta.

Akatazama saa. Saa nne na nusu.

"Mwalimu," alisema, na safari hii hakulitamka kwa kejeli. "Nilijua. Tangu vigingi, nilijua. Mpigie mwenyekiti."

Mkwe alikuwa ameshatoa simu. Walitoka uani wakikimbia, viatu vikiwa mifukoni, watu wazima wawili miguu mitupu juu ya mawe ya baridi, na watalii wakawapiga picha. Simu ilipopokelewa mkwe akampa.

Mwenyekiti alikuwa anahema. Alilalamika kwamba mafundi watatu wanapiga tangu saa tatu na ukuta hautaki, na akauliza ni mchanganyiko gani huo aliotia humo. Timazi aliibana simu sikioni. Alikuwa anasikiliza kelele za nyuma ya sauti ile. Nyundo ikigonga tofali lililoshika hutoa mlio mkavu, mfupi. Ikigonga lililolegea hukohoa. Alisikia mkavu, mkavu, kisha kikohozi, kisha vitu vinavyoporomoka, na alijua kwa sauti hiyo ni wapi. Ni tao la mihrabu. Aliliweka kwa siku kumi na moja, tofali moja moja, akiwa mgonjwa wa mgongo.

"Wasimamishe," akasema.

"Lakini barua yako, fundi—"

"Ichane. Wasimamishe sasa hivi."

Zilisikika kelele, mtu akaitwa, nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mwenyekiti akarudi kwenye simu na sauti ya mtu mwenye habari mbaya mkononi. Mihrabu imekwisha, akasema. Ukuta wenyewe bado upo.

Timazi akaketi juu ya ngazi za msikiti mkuu, akalia, wala hakujifunika uso. Alilia kwa ajili ya tao lile, na kwa aibu, kwa sababu hakuna adui aliyelivunja. Mkwewe akaketi kando yake, akaliweka daftari chini, akamngoja.

"Fundi, upo?" mwenyekiti akauliza.

"Nipo. Matofali msiyatupe. Nikirudi nitayapanga tena."

"Uyapange wapi? Tuelekeze upya?"

"Palepale, kama yalivyokuwa. Mikeka ndiyo muigeuze, Mwalimu atawaambia kiasi gani." Akavuta kamasi. "Na mtu akiingia akauliza nani alijenga kombo hivi, msimfiche. Mwambieni ni Timazi."