Mwanamume Hugeuka Sehemu ya Kumi na Mbili

Mama Bay alikuwa na saluni ya kuosha nywele, na alikuwa na maoni. Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa pili kutoka sokoni: vitanda viwili, mabeseni mawili, sufuria ya maji yaliyochemshwa na maganda ya balungi, na televisheni iliyotundikwa karibu kabisa na dari. Mteja akilala pale chali, shingo kwenye ukingo wa beseni, hana ujanja. Ataoshwa nywele, ataangalia tamthilia, na atasikia Mama Bay anavyoiona tamthilia hiyo. Wengine walisema maji na shampuu ni kisingizio tu, biashara yenyewe ni mdomo.

"Wathai wanapenda makofi," alikuwa akisema Ijumaa ile asubuhi, vidole vimezama kwenye povu. "Kwao binti hapendwi mpaka kwanza azabwe na mwanamke mwenye wivu. Wachina, hao hawafi. Wanakufa, wanazaliwa tena, wanapendana miaka elfu kumi, na bado hawajashikana mkono. Wafilipino mtoto kabadilishwa hospitali, hata usiulize. Lakini Wakorea, mdogo wangu, Wakorea wanajua mapenzi."

"Mapenzi gani hayo, kuloana na mvua?" aliuliza Bi Hien, muuza tambi za samaki, kichwa chake kikiwa mikononi mwa mwenzake.

"Mvua ndiyo yenyewe. Hapa kwetu inanyesha nusu mwaka. Umewahi kuona mwanamume anakukimbilia na mwavuli?"

"Wangu hunikimbilia kuniuliza mwavuli uko wapi."

Walicheka wote wawili. Lua, binti wa Mama Bay, alikuwa anafagia nywele zilizoanguka sakafuni. Alijua kwamba hapo pana kicheko, akatabasamu kwa adabu, akaendelea kufagia.

Alikuwa amekuja likizo kutoka Korea, alikoolewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi tangu harusi, na Jumapili alikuwa na ndege. Wateja waliokuja wiki ile walimshika mkono, wakasema amekuwa mweupe, wakauliza kama theluji ni laini kweli kama inavyoonekana. Alijibu kila mmoja. Theluji ni baridi, alisema, na inabidi izolewe kwa koleo. Hakuwa na huzuni. Huzuni mtu huijua, hujua hata inapomkaa. Yeye alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: uko pale, ni wako, lakini ukiubana husikii kitu.

Kitu kimoja alikijua. Hakutaka kurudi. Alikijua bila uchungu na bila hamu, kama anavyojua jina lake, ila hakuona pa kukisemea. Angemwambia nani, mama yake? Mama Bay alishapeleka habari za mkwe wake Mkorea kila pembe ya soko. Na mke aliyerudi kwao mtaani pale alikuwa na jina lake, na jina hilo halikuwa zuri.

Tena alishajaribu. Mwaka wa kwanza alipiga simu, akasema mume haongei naye, mama mkwe haridhiki na chochote. Mama Bay akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upendo kabisa.

"Mwanangu, uko sehemu ya tatu tu. Tamthilia yao ina sehemu kumi na sita. Sehemu ya tatu lazima mama mkwe amwagie mtu maji usoni. Mwanamume hugeuka sehemu ya kumi na mbili. Mvumilivu hula mbivu." Mbivu nyingine huozea mtini, lakini hilo si la kumwambia mtu aliye mbali, na Mama Bay hakulifikiria. Mwaka wa pili alisema sehemu ya tano. Baadaye Lua akaacha kupiga simu kwa ajili ya hayo, akawa anapiga kuuliza bei ya samaki.

Hata mume mwenyewe alichaguliwa kwa elimu hiyo hiyo. Mshenga alileta Wakorea wawili, wakaketi kwenye viti vya plastiki pale pale saluni. Mmoja alikuwa mnene kidogo, mcheshi, alileta peremende na kujaribu kusema "habari" kwa lugha ya kina Lua hadi akang'ata ulimi. Wa pili hakumtazama mtu. Aliangalia mlango muda wote, uso kama ukuta. Mama Bay alimvuta Lua jikoni, akamnong'oneza kwamba anayechekacheka mwanzoni siku zote ni rafiki wa stelingi. Anampenda binti, anamnunulia supu, na mwisho anabaki peke yake kwenye daraja. Stelingi mwenyewe huanza baridi. "Huyu wa mlangoni ndiye," alisema. Lua alikuwa na miaka kumi na tisa, naye aliangalia tamthilia zile zile. Alikubali.

Bi Hien aliposuuzwa, tamthilia mpya ilikuwa imefika mahali pazuri. Zote alizozipenda Mama Bay zilitafsiriwa kwa sauti ya mwanamke mmoja. Mwanamke huyo, ambaye hakuna aliyemjua sura, alisema maneno ya bosi, ya mchumba, ya mtoto na ya mzimu kwa sauti moja ya upole, kama anasoma hali ya hewa. Chini yake Wakorea waliendelea kupiga kelele kwa lugha yao. Mtaa mzima ulishazoea kutowasikia. Lua siku hizi aliwasikia wao tu.

Kwenye kioo cha televisheni mama mkwe aliyevaa hariri alikuwa sebuleni. Akageuza shingo kidogo, akamwita mke wa mwanawe.

Lua aliweka fagio chini. Alisimama wima katikati ya saluni, akajifuta mikono kwenye suruali, akaviweka viganja pamoja tumboni, akasema "Ndiyo, mama" kwa Kikorea. Alikuwa anatazama huku na huku akitafuta cha kubeba. Kisha akaona beseni, akaona kichwa cha Bi Hien chenye maji, akajua yuko wapi.

Bi Hien alicheka hadi akajimwagia maji shingoni. "Dada Bay, mwanao kawa Mkorea kabisa. Yule kwenye televisheni kaita, huyu kaitika."

"Adabu hiyo," alisema Mama Bay, naye akacheka. "Nilimlea vizuri."

Lua aliokota fagio. Aliona mama yake akimtazama, na kicheko cha mama yake kikaisha kabla ya cha Bi Hien.

Siku ile Mama Bay alitoa maoni machache. Bi Hien alipouliza kama yule binti wa kwenye tamthilia, ambaye sasa alikuwa amefunga virago na kumkimbia mumewe, atarudi, Mama Bay alisema lazima arudi, mvumilivu hula mbivu. Alilisema kama mtu anayejibu salamu. Mchana aliunguza wali, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jioni, mteja wa mwisho alipokwisha kwenda, Lua alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu. Hakuwa anawaza kitu. Aliisikia televisheni ikiendelea kule mbele, kisha ikanyamaza, kisha ikaendelea. Baada ya muda alijikuta kwenye mlango wa saluni ameshika sahani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Mama Bay alikuwa peke yake. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha wateja, rimoti mkononi, na juu kule mama mkwe wa hariri alikuwa amegandishwa mdomo wazi.

"Nani kakuita?" aliuliza Mama Bay.

Lua aliangalia sahani. Mapera, yamemenywa, yamekatwa vipande vyembamba vilivyolingana, kila kipande kimechomwa kijiti. Mtaani pale hakuna anayemenya pera, si kama kwa mama mkwe. Pera huumwa na ganda lake, na chumvi ya pilipili. Hakukumbuka kuyatoa kapuni.

"Sijui," alisema.

"Nimeirudisha nyuma makusudi, pale anapoita. Nimeirudisha tena na tena, nikisema labda nimeona vibaya." Mama Bay aliweka rimoti chini polepole. "Anakupiga?"

"Nani?"

"Yeyote."

"Hapana, mama."

"Mumeo ana mwanamke?"

"Hapana."

"Sasa wanakufanya nini?"

Lua alifikiri. Hakuwahi kulipanga kwa maneno, na likiwa kwa maneno lilionekana dogo, halifai kumsumbua mtu. "Ananiita," alisema. "Toka asubuhi. Naacha nilichoshika, naenda. Nikifika kashasahau alichotaka, ananirudisha. Halafu ananiita. Nikiwa bandani ananiita, nikiwa chooni ananiita. Siku hizi namsikia hata akiwa hayupo."

"Na mumeo anasemaje?"

"Anaangalia televisheni."

Kijiti kimoja kilianguka sakafuni, na hakuna aliyekiokota.

"Mume wako," alisema Mama Bay, na sauti yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukanyaga. "Hajageuka hata kidogo?"

"Si mtu mbaya. Wewe ulidhani kuna kitu nyuma ya ule uso, na mimi nilidhani. Hakuna, mama. Ndivyo alivyo."

"Pengine bado. Pengine mko sehemu ya..."

"Hakuna sehemu, mama. Ni siku tu."

Alilisema bila hasira. Kama angekuwa na hasira Mama Bay angejua la kufanya, kwa sababu hasira aliiona kila siku pale juu karibu na dari na alikuwa na dawa zake. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha pera, akatafuna. Lua alisubiri aambiwe kwamba pera bila ganda halina ladha. Mama yake alitafuna mpaka akameza, macho ukutani, na hakusema neno kuhusu pera, kuhusu Wakorea, wala kuhusu chochote.

"Funga mlango wa nyuma," alisema hatimaye. "Mbu wanaingia."

Basi, ndiyo hiyo, alifikiri Lua. Amesikia. Alikwenda akafunga mlango, akamalizia vitunguu. Alingoja moyo umuume lakini haukuuma.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa ukumbini, limefungwa. Ndani yake Mama Bay alikuwa ameshatia samaki wakavu wa kumpelekea mama mkwe, tangu Alhamisi. Lua alikuwa amesimama toka alfajiri: alifua mataulo, alichemsha maganda ya balungi, alifuta vioo, na sasa alikuwa anafagia tena sakafu isiyokuwa na unywele. Bi Hien alikuja mapema, nywele zinanuka samaki wa soko la asubuhi, akajilaza kabla hajakaribishwa.

"Washa basi, Dada Bay. Nimelala vibaya kwa ajili ya yule binti. Nataka kujua kama anarudi kwa mumewe."

Televisheni ilikuwa imezimwa. Mama Bay alijaribu joto la maji kwa kiwiko, akaanza kumlowesha kichwa. "Harudi," alisema.

"Umeshaona mwisho?"

"Sijaona."

"Unajuaje basi?"

"Najua."

"Jana si umesema mwenyewe lazima arudi? Ukanitolea na methali."

"Jana nilisema upuuzi." Alipaka shampuu, akasugua. Alisugua taratibu, nyuma ya masikio, kisogoni, kama siku zote. "Miaka yote hii nimesema upuuzi hapa, na ninyi mmelala tu mnaitikia."

Bi Hien alifumbua jicho moja. Hakuwa amezoea saluni ile bila kelele, na hakupenda kupokonywa utamu wa tamthilia. "Haya, asirudi. Ataenda wapi? Majirani watamtafuna mbichi. Na mama yake kafa tangu sehemu ya kwanza, au umesahau?"

Mama Bay alichota maji, akamimina. Povu likashuka lote kwenye beseni.

"Mama wa huyu hajafa," alisema.

Fagio la Lua lilisimama. Bi Hien, ambaye mdomo wake ndio redio ya soko lile, alilala pale kichwa chini akimtazama Mama Bay, kisha akageuza macho mpaka alipomwona binti aliyeshika fagio, kisha begi kule ukumbini.

"Maji yamepoa," alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Niongezee ya moto kidogo."

Lua alitaka kwenda kuyaleta. Alipoinua mguu, miguu yote miwili ilimuuma, nyayo, vifundo, mpaka magotini, maumivu ya kweli ya mtu aliyesimama kwa miaka. Ilimuuma sana hata akashangaa. Akaliegemeza fagio ukutani, akaketi kwenye kitanda cha pili, na maji aliyaleta mama yake.