Meno ya Meneja

Daktari alikuwa amesema siku saba bila sindano, na dada mtu, ambaye ni muuguzi, alilisimamia agizo hilo kidete. Shingo ya mdogo wake, fundi wa nguo, ilikuwa imekakamaa kwa miaka ishirini ya kuinamia cherehani. Ndiyo maana wakaja huku vilimani, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane na baraza refu. Kabla mizigo haijashuka yote, dada akapekua mkoba wa mdogo wake, akatoa mkasi, futi na boksi la sindano, akavifungia kwenye begi lake.

"Umekuja kupumzika," alisema. "Nikikuona na uzi, tunarudi nyumbani siku hiyohiyo."

"Dada, mimi si mtoto."

"Mtoto angesikia."

Sindano moja ilisalia kwenye upindo wa gauni, maana fundi hasafiri bila akiba. Alikuwa na miaka arobaini na moja, aliachika zamani, na hakuona sababu ya kuurudia mtihani ule.

Meneja alikuwa mbwa wa nyumba hiyo. Jina alilipata kwa sababu alilala mlangoni mchana kutwa, na kila aliyekuwa na kazi alilazimika kumzunguka. Jumatatu asubuhi mgeni wa chumba namba tano, karani wa mahakama aliyekuwa kwenye likizo yake ya mwaka, alitoka huku anasoma gazeti, akamkanyaga mkia. Meneja alishtuka usingizini, akauma kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mguu wa suruali. Mwenye nyumba, mama mwenye huruma nyingi na sauti kubwa kuliko mwili wake, aliomba radhi mara kumi. Karani alijibu kwamba si neno, huku goti lake likiwatazama wageni wote waliokuwa wanakunywa chai.

Fundi alijizuia. Alijizuia hadi chakula cha mchana, na hapo ndipo dada alipolala.

"Lete hiyo suruali," alimnong'oneza karani. "Uzi nimeazima kwa mpishi. Wewe kaa hapo uchunge ujia, na ukisikia ndara za dada, kohoa."

Walikaa baraza la nyuma, penye kamba za kuanikia shuka. Karani alichunga ujia huku akimsimulia mambo ya mahakamani, kwa sauti ileile anayosomea watu mashtaka. Alimwambia habari za mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba mlango, akajitetea mbele ya hakimu kwamba aliukuta wazi. Fundi alicheka hadi akajichoma kidole. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mwanaume amchekeshe bila yeye kujilazimisha.

Jumanne karani akaja na suruali nyingine.

"Meneja tena," alisema, akitazama dari.

Fundi aliipokea, na kwa kuitupia jicho moja tu akajua. Nguo iliyoraruliwa na meno huchanika upogo, nyuzi zikaning'inia, na huwa na mate. Hii ilikuwa kavu, imepigwa pasi, na imefunguka kwa kufuata uzi, imenyooka kana kwamba imepigiwa rula. Ilikuwa kazi ya wembe, na aliyeushika ni mtu aliyezeeka akipiga mistari kwenye madaftari ya serikali. Hata kudanganya alidanganya kwa unadhifu, maskini.

Angeweza kumrushia suruali yake usoni. Badala yake fundi alisema, "Mbwa huyu ana meno makali," akamwomba asogeze kiti.

Jumatano ilikuwa mfuko wa shati. Alhamisi, mkono wa koti. Mshono ambao dukani kwake angeumaliza akiwa anabishana na mteja mwingine, sasa ulimchukua mchana mzima. Ajabu ni kwamba shingo haikuuma kabisa. Alikuwa na furaha, na kwa kuwa hakuizoea, ilimtia hofu. Jumapili kila mtu angeshika njia yake.

Walichosahau wote wawili ni kwamba uongo haukai baraza la nyuma. Karani aliulizwa wakati wa chai kilicholisibu koti, akajibu alivyojibu, na wageni wakaanza kunywa chai miguu ikiwa juu ya viti. Familia moja ikahama. Ijumaa asubuhi fundi alitoka chumbani, akakuta pikapu la kiwanda cha mbao limesimama uani likinguruma. Mlinzi wa kiwanda alikuwa ameshika mnyororo. Mwenye nyumba alikuwa analia kwa sauti yake yote.

"Nimemlea tangu hajafumbua macho," alisema. "Lakini mbwa anayeuma wageni kila siku nitamfanyaje? Huko kiwandani atafungwa kwenye magogo alinde mbao, basi."

Meneja alikuwa amelalia viatu vya mlinzi, anakoroma.

Fundi alimtazama karani. Karani alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Fundi alimkasirikia kweli. Alijiambia kwamba kama mtu huyu atamwacha mbwa afungwe kwa kosa lisilo lake, basi hana haja naye, awe anachekesha asichekeshe.

Karani akasafisha koo.

"Naomba kukiri kosa," alisema.

"Kosa gani tena, baba?" akauliza mwenye nyumba.

"Matatu. La Jumatatu ni la mbwa, na hata hilo nilimkanyaga mimi. Hayo matatu nilikata mwenyewe. Kwa wembe."

"Ukate nguo zako? Kwa nini?"

Karani, aliyewasomea wenzake makosa yao miaka kumi na tisa, lake alishindwa kulisoma.

Mwenye nyumba akamgeukia fundi. "Na wewe mwanangu, uliyezishona, hukuona?"

Dada alikuwa amefika mlangoni, mikono kiunoni. Aliposikia neno hilo la kushona, nyusi zikampanda. Fundi angeweza kusema hakuona, na lawama yote ingebaki kwa karani.

"Niliona tangu Jumanne, mama. Mbwa hachani nguo kwa kufuata uzi. Niliona nikanyamaza, kwa hiyo hata mimi nimemsingizia. Nisamehe."

"Umeshona?" dada akafoka. "Na shingo hiyo? Siku nne nzima?"

"Nilishona polepole, dada. Sijawahi kushona polepole hivyo maishani mwangu. Sikutaka ziishe."

Mlinzi wa kiwanda aliuangalia mnyororo wake, akawaangalia wote mmoja mmoja.

"Sasa mimi nimchukue nani?" aliuliza.

Mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia Meneja, ambaye hakuamka. Karani aliinua macho, na safari hii hakutafuta dari.

"Nimebakiwa na suruali moja nzima," alimwambia fundi. "Ndiyo hii niliyovaa."

"Basi itunze," fundi alisema. "Utaivaa Jumapili ukija nyumbani kumsalimia mama yangu."